Baisani kwanza, picha baadaye

Ndugu mwandishi, nimesoma makala yako ya kupiga picha za wanyama kwenye theluji. Kuhusu mwanga umesema kweli tupu: kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na theluji ikatoka ya kijivu. Ongeza stopu moja hadi mbili, uangalie skrini kabla mnyama hajaondoka. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza upesi.

Ila jambo kubwa umelipita mbio. Kule Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, baisani hufukua theluji kwa kichwa, akikipeleka huku na huku, barafu imemgandia usoni, ili tu azifikie nyasi kavu zenye lishe hafifu. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea majira ya joto. Ukimkurupusha, unamfanya atumie nguvu ambazo hatazirudisha mpaka majani yachipue. Kanuni ya hifadhi ni kukaa umbali usiopungua mita 23 kwa baisani, na 91 kwa mbwamwitu na dubu. Kwangu mimi hata hizo 23 hazitoshi. Akiacha kula akakutazama, tayari umemsumbua. Rudi nyuma, utumie lenzi ndefu.