Nani Kasema Mfenesi Hauna Sauti?

Madai tunayoyapinga hapa ni ya siku nyingi, nayo husemwa kwa lafudhi ya kitaalamu hata anayeyasikia akaona haya kuyajibu: kwamba gitaa lenye sauti haliwezi kutoka katika miti yetu. Mpingo, naam, hukubaliwa, kwa kuwa Ulaya ndiyo iliyotangulia kuukubali katika klarineti zake. Lakini mfenesi? Ati huo ni mti wa tunda na kuni.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyoundwa kwa namna moja, yakitofautiana kwa mti wa mgongo na mbavu tu. Mmojawapo ulikuwa mti adimu wa Brazili, ambao wapenzi wa magitaa huutaja kama watajavyo johari. Wapigaji 52 waliyapiga katika mwanga hafifu, wamevishwa miwani ya wachomeleaji vyuma wasiweze kuona. Mti wa thamani haukuwabainikia. Sifa zote zile, kumbe, aghalabu zilikuwa machoni na katika bei.

Atajibu mtu kwamba huo ni mgongo, na kinachosema ni uso. Ni kweli, uso ndio wenye sehemu kubwa ya sauti. Basi na tuitazame Hawaii. Mwaka 1879 meli Ravenscrag iliteremsha Honolulu wahamiaji wa Madeira, miongoni mwao mafundi seremala waliokijua kigitaa cha kwao cha nyuzi nne. Waliuchukua koa, mti wa visiwa vile, wakaufanya mgongo, mbavu na uso pia. Na leo ukulele yajulikana ulimwengu mzima kuwa ni ala ya Hawaii. Na huko Mactan, kisiwa kilicho ubavuni mwa Cebu katika Ufilipino, mafundi huunda magitaa kwa mfenesi, mfenesi huu huu ambao utomvu wake hatuuondoi vidoleni ila kwa mafuta. Kusini mwa India iko ala ya nyuzi ichongwayo kwa mfenesi, nayo huitwa vina. (Washairi wetu hawatalikataa jina hilo.)

Sisi je? Tunao wachongaji waliotia nakshi milango ya mfenesi na msaji, ile tunayojigambia mbele ya wageni. Tunayo kumbukumbu ya gambusi, iliyochimbwa katika gogo moja ikawambwa ngozi, kabla udi haujaishika nafasi yake. Ala ndogo si ngeni kwetu. Tena gitaa dogo ndilo litufaalo: uzi mfupi, kwa sauti ile ile, huvuta kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo uso hauhitaji kuelemewa na mataruma mazito, nalo hutoka katika vipande ambavyo fundi wa milango huvitupa. Ilhali mwanafunzi wetu hununua gitaa la mbao za kubandikwa, lililovuka bahari, likapata masika moja likaanza kuachia gundi.

Wala asitokee mtu akajificha nyuma ya neno “asili” ili aangushe mpingo na mninga. Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imo katika udhibiti wa mkataba wa CITES. Vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC mwaka 2009 vilionyesha kwamba hata huo wavunika kwa hesabu. Lakini mfenesi hupandwa, huzaa, huzeeka, na ukikatwa kupisha kiwanja cha nyumba hupasuliwa kuni siku hiyo hiyo.

Kilichopungua ni mbao iliyokaushwa kivulini miaka miwili au mitatu, na hapana seremala awezaye kuifungia ghalani fedha yake muda wote huo bila mnunuzi aliyeahidi. Wenye shule za muziki, na wenye hoteli wanaopenda kutangaza utamaduni wetu, na waagize magitaa kumi ya mfenesi, walipe nusu mapema, wangoje. Siku yakikamilika, hao wanaotwambia mti huu hauna sauti waalikwe, wafungwe vitambaa vya macho, wapewe la kwao na letu.