Mapenzi ya Mbali na Timu ya Nyumbani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule niseme neno juu ya mpira.

Tarehe 7 Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga mabao 3–1 huko Dar es Salaam. Offen Chikola peke yake alitia mawili. Jioni ile nyumbani kwetu hapa Bukene palikuwa kimya kama pana msiba. Nami nakiri kosa langu: ni Yanga tangu utotoni, na chakula hakikunishuka. Bibi akaniuliza, “Mjukuu wangu, walioshinda ni watu wa wapi?” Nikajibu, “Wa Tabora.” Akasema, “Basi mbona umenuna, nasi ni wa Tabora?” Sikuwa na jibu.

Yafaa tukumbuke timu ile ilikotoka. Msimu wa 2023/24, ikiitwa bado Kitayosce, ilianza Ligi Kuu dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, maana usajili wa wengine ulikuwa umezuiwa. Mchezo ulivunjika mapema, Azam wakiongoza 4–0. Mwisho wa msimu ikanusurika kwa mechi za mchujo dhidi ya Biashara United ya Mara. Kumbe timu hiyo hiyo ndiyo ingekuja kuwaangusha mabingwa ugenini! Yanga walitwaa tena ubingwa msimu huo wa 2024/25, lakini watu wa Tabora tulikuwa na fahari yetu, tukaitupa.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 2025 Chikola akahamia Yanga, na timu ikapewa jina jipya, TRA United. Simlaumu mchezaji kwa kutafuta riziki, wala siwalaumu walioichukua timu, kwani timu haiishi kwa hewa. Nasema hivi: timu isiyoshikwa na watu wake haina budi kumwegemea mwingine, na anayeilisha ndiye anayeipa jina.

Wapo watakaosema kwamba Simba na Yanga ni mali ya taifa zima. Sikatai. Lakini zote mbili zilianza kama timu za vijana wa Dar es Salaam, Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, nazo zilikuzwa na watu wa mitaa yao kabla ya kupendwa na nchi. Na Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Mbeya, ilitwaa ubingwa mwaka 1986. Mji mdogo si kisingizio.

Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya wengine mpaka pwani, ila walilipwa ujira, wakarudi nao nyumbani. Sisi tunapeleka mapenzi yetu pwani bure, wala hatubakizi hata kidogo.

Simwambii mtu aiache timu yake. Nami nitabaki Yanga. Ombi langu ni dogo: timu ya mkoa wetu ichezapo, tuishangilie, hata kama mpinzani ni kipenzi chetu. Na tuanzie hapa shuleni. Timu yetu ichezapo na jirani, wengi hubaki bwenini wakibishana juu ya Simba na Yanga. Jumamosi ijayo tutoke, tusimame pembeni mwa uwanja, tupaze sauti.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu