Radi ikipiga na kuranti ikikatika, mlinzi wa transfo asifungwe macho

MAONI – Goma, Kivu Kaskazini

Wakaaji wa Goma wanaijua hali hii vizuri. Mvua inakaribia, radi inapiga upande wa Nyiragongo, kisha taa zinazimika mitaa mizima kwa mara moja. Maji ya mji yanavutwa kutoka ziwa Kivu kwa pompi za umeme, kwa hiyo kuranti ikikawia kurudi, robine nazo zinakauka. Wenye grupu wanawasha. Familia zilizokimbia vita, ambazo hazina grupu wala tanki, zinashika bidoni na kushuka ziwani.

Hapo maneno yanaanza. Mmoja anasema wamekata kwa makusudi, mwingine anasema transfo imeungua. Lakini inaweza kutokea transfo iwe nzima kabisa, na mlinzi wake ndiye aliyepiga kelele bure. Kosa hilo lina sababu na lina dawa, na raia ana haki ya kulielewa.

Transfo kubwa ya kituo inalindwa na chombo kinachoitwa rele ya diferansieli. Kazi yake ni kama ya sentineli wa depo anayehesabu mifuko inayoingia mlango mmoja na inayotoka mlango wa pili. Volti za pande mbili si sawa, lakini rele inajua kulinganisha, kama vile mbadilishaji wa pesa anavyolinganisha dola na franka. Hesabu zikikubaliana, inatulia. Zikiachana, inaelewa kwamba ndani kuna hitilafu, na katika sehemu ndogo ya sekunde inafungua dijonkteri za pande zote kabla transfo haijashika moto.

Shida inatokea radi inapopiga laini nje, mbali na kituo, na waya mmoja ukapata njia ya kwenda udongoni. Siku za kawaida, kuranti za nyaya tatu zikijumlishwa zinakaribia sufuri. Siku hiyo jumla haiwi sufuri tena. Kuranti iliyozidi inapita ardhini na kurudi ndani ya transfo kupitia waya wa netre uliounganishwa na udongo. Wataalamu wanaiita kuranti ya homopolari.

Transfo nyingi za vituo zimefungwa nyota upande mmoja na pembetatu upande wa pili. Upande wa nyota, kuranti hiyo inaonekana kwenye laini. Upande wa pembetatu, inazunguka ndani kwa ndani na haitoki kwenye laini. Ni kama mifuko iliyoingizwa depo kwa mlango mdogo wa nyuma, kisha ikatolewa kwa mlango mkubwa. Sentineli hakuiona ikiingia, anaiona ikitoka, anapiga filimbi. Depo halijaibiwa, lakini mji mzima unabaki gizani.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Zamani mafundi walifunga vipimo vya kuranti vya upande wa nyota kwa mtindo wa pembetatu, ili homopolari iishie humo bila kufika kwenye rele. Rele za leo zinafanya hivyo kwa hesabu: zinajumlisha kuranti tatu, zinagawanya kwa tatu, kisha zinatoa jibu hilo kwa kila waya. Lakini lazima fundi aiambie rele ifanye hivyo. Mpangilio mmoja ukisahauliwa, kila radi inaweza kuwa giza.

Dawa hiyo nayo ina bei yake. Mlinzi aliyeambiwa asihesabu homopolari anapunguza ukali wake kwa hitilafu ya kweli, kama waya wa ndani ukigusa chuma cha transfo karibu na netre. Ndiyo maana panahitajika mlinzi wa pili, anayesimama kwenye ule mlango mdogo wa nyuma na kupima kuranti ya netre.

Kwa hiyo wanaosema rele inayosumbua izimwe, au ifanywe nzito ili isifungue tena, wanakosea. Pia wanakosea wanaomshurutisha fundi awashe upya mara tatu, mara nne, bila kutazama sababu. Hasira yao inaeleweka, kwa sababu mama mwenye watoto kambini hawezi kunywesha watoto maelezo. Lakini transfo kubwa haiuzwi sokoni Birere. Inaagizwa ng'ambo, na kuipata kunachukua miezi. Saa moja ya giza ni afadhali kuliko miezi ya giza.

Wenye kuendesha vituo nao wana deni. Kabla ya kuwasha transfo mpya, wajaribu rele kwa hitilafu ya nje inayogusa udongo, si kwa mzigo wa kawaida tu. Kila inapofungua, wasome kumbukumbu inayobaki ndani ya rele za kisasa, kwa sababu humo kuranti za kila waya zimeandikwa. Kisha watangaze redioni, kwa Kiswahili cha wazi: hitilafu ilikuwa nje au ndani, na maji yatarudi saa ngapi.

Mtu akijua kwamba kuranti itachelewa mpaka asubuhi, atajaza bidoni zake mapema, kabla usiku haujaingia na njia ya ziwani haijawa ya hatari.