Wewe mwenye baiskeli, shika na jembe

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huu tumeuzoea katika mambo ya nyumba na ya ndoa. Leo, ndugu msomaji, ningependa tuupeleke kwenye njia za udongo zinazopitiwa na baiskeli hapa Mombasa na viungani mwake.

Si jambo geni siku hizi kuwaona wake kwa waume juu ya baiskeli mapema asubuhi, wengine wakizunguka Mama Ngina kabla jua halijawaka, wengine wakivuka Daraja la Nyali kuelekea Bamburi na kwingineko. Hawa si wachuuzi wa mikate wala vibarua wanaowahi kazini. Ni watu walioambiwa na daktari wapunguze uzito, au waliojiambia wenyewe kabla ya kuambiwa.

Jambo hilo ni la kupongezwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Nusu saa ya baiskeli, siku tano kwa wiki, yatosha kukufikisha hapo.

Na haja ya mazoezi ni kubwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya robo walikuwa na uzito uliopita kiasi. Zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa shinikizo la damu hata mara moja maishani mwao.

Lakini mtu ataendesha baiskeli wapi?

Barabara za lami za kisiwa hiki zina wenyewe. Matatu yasimama popote, tuktuk yapenya penye upenyo na pasipo upenyo, na malori ya bandarini hayamwoni mwenye baiskeli mpaka amekuwa chini ya tairi. Ndani ya Mji wa Kale hali ni tofauti, kwani vichochoro vya Kibokoni na Kuze vilijengwa kwa ajili ya miguu ya watu na punda. Hata barabara yake mashuhuri, Ndia Kuu, ni kuu kwa jina na historia kuliko kwa upana.

Ndiyo maana wengi hupendelea njia za udongo, mbali na moshi na honi. Mtoto aweza kujifunza huko bila mamaye kushika roho mkononi, na mtu wa makamo aweza kuanguka akainuka bila kukanyagwa.

Kasoro ni kwamba udongo ulio wazi unazidi kuadimika. Kisiwa kizima hakizidi sana kilomita mraba 14. Ufuo wa Mama Ngina ulikarabatiwa mwaka 2019 na sehemu kubwa ikawekewa sakafu. Kilichobaki kisiwani ni vipande vipande, kama chini ya mibuyu, kando ya viwanja vya michezo na kwenye vijia vya kuteremkia baharini. Anayetaka njia ndefu ya udongo hana budi kuvuka kwenda bara.

Na huko bara pana funzo. Machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yalikuwa jangwa la mwamba wa matumbawe. Kuanzia mwaka 1971 mtaalamu Rene Haller alipanda mivinje juu ya mwamba huo uliokuwa mtupu. Majani ya mvinje ni magumu na hayaozi upesi, kwa hivyo waliletwa jongoo wayatafune na kuyageuza udongo. Palipokuwa shimo la mawe pakaota msitu, na baadaye zikafunguliwa njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Ikiwa mwamba uliweza kuwa msitu kwa sababu ulitunzwa, sembuse njia ambayo tayari ina udongo?

Maji ndiyo adui

Wengi hudhani njia huharibiwa na magurudumu. Gurudumu lina makosa yake, lakini adui mkubwa ni maji. Mvua ya masika ikipiga, maji hutafuta pa kupita, na njia iliyobonyea katikati huwa kama mfereji uliochimbwa kwa ajili yao. Yakishapata mwendo hubeba udongo, na baada ya misimu miwili mitatu mizizi na mawe hubaki nje na njia huwa korongo.

Tazama basi yafanyikayo. Mwendeshaji wa kwanza hulikwepa dimbwi kwa kupita pembeni juu ya nyasi. Wa pili humfuata, na wa kumi huliona hilo pembeni kuwa ndiyo njia. Njia ya upana wa mkono mmoja huwa uwanja wa matope, nyasi zilizoshika udongo hufa, na mvua inayofuata hupata kazi rahisi zaidi.

Dawa yake haihitaji mhandisi wala tingatinga. Njia inayopita ubavuni mwa mteremko hulazwa kidogo upande wa chini, ili maji yaikate na kwenda zake badala ya kuifuata. Penye mteremko mrefu huchimbwa matoleo madogo ya maji kila baada ya hatua kadhaa. Kazi inayobaki ni kuyazibua matoleo hayo yanapojaa majani na mchanga: mwishoni mwa Machi kabla ya masika, na mapema Oktoba kabla ya vuli. Jembe, sururu, sepetu na reki, pamoja na watu kumi wenye nia, vyatosha kwa asubuhi moja.

Wenzetu wa ng'ambo waliligundua hili kwa taabu. Mwaka 1988 vilabu vya baiskeli vya California, Marekani, viliungana kuanzisha chama cha kimataifa cha waendeshaji wa milimani (IMBA), wakati ambapo njia nyingi zilikuwa zikifungwa kwa baiskeli. Hawakuishia kulalamika. Walishika majembe, wakajifunza jinsi ya kutengeneza njia, wakafundisha wengine. Mojawapo ya kanuni zao ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima inachopita, la sivyo maji yataifanya kuwa mto.

Mwendeshaji naye ana wajibu wake akiwa juu ya tandiko. Asifunge breki ghafula gurudumu likaburura udongo, na asipite njia ikiwa bado matope. Kungoja siku moja ikauke hakumwongezei mtu kisukari.

Takataka na mbu

Kuna jambo la pili ambalo lingetosha peke yake kututoa nyumbani na magunia. Njia isiyoangaliwa hugeuka jaa. Leo hutupwa kifuu cha dafu, kesho chupa, keshokutwa tairi la pikipiki.

Mombasa ilipatwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2013, na wa chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2018. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na hahitaji kinamasi ili azaliane. Maji kidogo yaliyotuama ndani ya tairi, kopo au kifuu yamtosha. Waliougua chikungunya wanayajua maumivu ya viungo yanayoweza kudumu kwa miezi.

Kwa hiyo klabu inayookota matairi na vifuu kando ya njia inamnyima mbu kitanda, na faida yake huwafikia hata wale ambao hawajapata kupanda baiskeli.

Njia isiyo na mtu hunyakuliwa

La tatu ndilo linalonitia hofu zaidi. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa unyakuzi wa ardhi ni nini. Twajua vijia vya kwenda baharini vilivyozibwa kwa kuta, na viwanja tulivyochezea utotoni ambavyo sasa vina mabati na mlinzi. Aghalabu mambo huanza vivyo hivyo: mahali huachwa, hujaa vichaka na wahuni, watu huogopa kupita, kisha siku moja hutokea mtu na karatasi akisema pale ni pake. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu pale, hapana wa kumkanya.

Karura mjini Nairobi ni mfano mzuri. Msitu huo ulikuwa ukimegwa kwa ajili ya wajenzi, na Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda huko kupanda miti. Msitu uliokolewa, lakini kwa miaka mingi baadaye watu waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi. Uliporejea kuwa wa wananchi ni wakati majirani walipojiunga katika chama cha Marafiki wa Karura, wakashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, ua ukawekwa na njia zikafunguliwa kwa waendao kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli. Mahali penye watu kila asubuhi ni vigumu kuuzwa usiku.

Najua yupo atakayesema kwamba hiyo ni kazi ya kaunti, na kwamba hatulipi kodi ili tukachimbe mitaro wenyewe. Ana haki ya kusema hivyo. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti bustani, fukwe na mahali pa burudani, na kaunti isiondolewe lawama hata kidogo. Lakini kudai na kutenda si maadui. Klabu iliyofanya kazi miezi sita, yenye daftari la mahudhurio na picha za kabla na baada, ikienda kuomba lori la taka au kupinga uzio uliojitokeza ghafla, itasikizwa kuliko mtu mmoja anayelalamika barazani juu ya kikombe cha kahawa.

Yupo pia atakayesema yeye si kibarua. Huyu nitamjibu kwa lugha ya daktari. Baiskeli hufanyisha kazi miguu na moyo, lakini mikono na mgongo huviacha vikilala. WHO hiyo hiyo yapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kuchimba, kufyeka na kubeba karai la udongo ni mazoezi hayo hayo ambayo wengine hulipia kwenye kumbi za mazoezi.

Isitoshe, hili si jambo la kigeni kwetu. Waislamu hufundishwa kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sadaka. Taifa hili lilijengwa kwa harambee. Twahitaji tu kukumbuka kwamba mtaro ulioziba nao ni wa harambee.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, ombeni ruhusa kwa maandishi kwa mwenye ardhi, awe ni kaunti, kampuni au mtu binafsi. Katika Mji wa Kale na pembezoni mwa Ngome ya Yesu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, msichimbe kamwe. Huko okoteni taka, na hata jiwe moja msilisogeze bila idhini ya Makumbusho ya Taifa. Mikoko na mibuyu isiguswe.

Pili, tunzeni miili yenu. Vaeni buti na glavu, na kila mmoja ahakikishe amechanjwa dhidi ya pepopunda, kwani msumari wenye kutu hauna huruma. Anzeni baada ya sala ya alfajiri, mmalize kabla ya saa tatu, na kila mtu awe na maji yake ya kunywa. Mzee mwenye magoti mabovu ashike daftari, kazi ipo kwa kila mtu.

Tatu, na hili ni muhimu, njia si mali ya klabu. Mama anayekwenda sokoni, mwanafunzi na kijana aliyepakia madafu kwenye Black Mamba yake walikuwapo kabla ya baiskeli zenu za gia. Pigeni kengele, punguzeni mwendo, msalimu na mpishe. Klabu inayotengeneza njia kisha ikawafukuza wapitao ni mnyakuzi mwingine aliyevaa helmeti.

Ndugu msomaji, uliponunua baiskeli yako ulifikiria tairi, breki na mnyororo. Kila mwezi waipeleka kwa fundi, na hiyo ni busara. Lakini baiskeli nzima bila njia ni pambo la sebuleni. Kama una klabu, pendekeza kwenye mkutano ujao kwamba Jumamosi moja ya kila mwezi iwe ya majembe. Kama huna, tafuta wenzako watano mtaani, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Msingoje masika ipige ndipo mkimbilie sepetu. Ufa mnaouona leo kwenye kijia chenu wazibika kwa asubuhi moja.