HESABU YA KIJIJI SI SIRI YA MTU

Ndugu wanachama,

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa kijiji kimoja hapa pwani ya Ziwa Nyasa. Mzee mmoja alisimama akauliza fedha tulizochanga kwa ajili ya zahanati zimefika ngapi na zimetumika vipi. Alijibiwa hivi: "Mzee wetu, mambo ya bajeti waachie wataalamu." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mzee yule analima mpunga na kakao. Anajua debe, anajua kilo, na mizani iliyochezewa anaitambua mara moja. Mtu huyo ndiye asiyeweza kuelewa hesabu? Mkoloni alitutoza kodi akasema hatujawa tayari kujua inakokwenda. Tulimkatalia. Je, tuyakubali maneno yale yale leo kwa sababu yanasemwa na ndugu zetu?

Fedha hizo zinatoka kwetu. Kakao ya Kyela ikiuzwa, Halmashauri hupata ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Anayelipa ni mnunuzi, lakini jasho ni la mkulima. Sheria inasema pia kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mama wa Ikombe anayefinyanga vyungu atajuaje kama fungu hilo limetimia, ikiwa jumla yenyewe amefichwa?

Haki hii hatuiombi kwa mtu. Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, madaraka yakawa ya maofisa. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na kila miezi mitatu hauna budi kusomewa mapato na matumizi.

Wapo wasemao uwazi ni jambo la wageni. Ni kweli nchi yetu ilijiunga na mpango wa kimataifa wa serikali wazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Lakini wazee wetu walijua kabla ya mpango wowote kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala tusiwalaumu viongozi peke yao. Mkutano ukiitwa, wangapi kati yetu huenda? Na anayeuliza huambiwa analeta fitina ndani ya Chama. Ndugu zangu, fitina huanza pale hesabu inapofichwa, kwa kuwa hapo kila mtu hujitungia yake. Kiongozi safi hufurahi kuulizwa, maana majibu anayo.

Basi kila tawi lisimamie mambo matatu. Hesabu isomwe kwa tarakimu, si kwa maneno matamu. Ibandikwe ukutani, mahali pa kusomeka. Na mpango wa mwaka mpya wa fedha, unaoanza Julai 1, ujadiliwe kijijini kabla haujapelekwa wilayani.

Mkutano ujao yule mzee atasimama tena. Safari hii asisimame peke yake.

Uhuru na Kazi!