Lugha ipi ngumu? Waulizwe watani wa barafuni

Wafini wana mzaha wao wa siku nyingi: katika mashindano ya dunia ya mpira wa magongo wa barafuni si lazima Ufini ichukue kombe, bora tu Uswidi isilichukue. Waswidi nao hujibu kwa kujifanya hawajasikia, na kati ya jirani na jirani hakuna dharau inayouma kama hiyo. Msomaji aliyekulia katika kelele za Simba na Yanga hahitaji maelezo zaidi. Hao ni watani wa jadi, ila wao hukimbizana juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma, wakigombea kisahani cha mpira mgumu kinachokwenda kasi kiasi kwamba mgeni hukiona kikiwa tayari kimo wavuni.

Utani huo una mizizi. Ufini ilitawaliwa na Uswidi kwa mamia ya miaka hadi 1809, ilipoangukia mikononi mwa Urusi. Muda wote huo Kiswidi kilikuwa lugha ya ofisi, mahakama na wasomi, na Kifini kilikuwa lugha ya shambani na jikoni. Hadi leo Kiswidi ni lugha ya taifa nchini Ufini sawa na Kifini, ingawa wanaokizungumza nyumbani ni kama asilimia 5 tu ya wananchi. Kila mtoto wa Kifini hukisoma shuleni, apende asipende. Wengi hawapendi, na wapo wanaoliita somo hilo “Kiswidi cha lazima” kwa sauti ile ile ambayo watoto wa kwingineko hutamkia hisabati.

Ndiyo maana kilichotokea Mei 7, 1995 kinachekesha hadi leo. Fainali ilichezwa Stockholm, nyumbani kwa Waswidi. Ufini haikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa dunia hata mara moja. Ikashinda 4-1, mabao matatu kati ya hayo yakifungwa na kijana Ville Peltonen, na kocha wake, Curt Lindström, alikuwa Mswidi! Waswidi walikuwa wameshaandaa wimbo wa kuishangilia timu yao, “Den glider in”. Wafini waliubeba wimbo pamoja na kombe. Mitaani Helsinki, watu waliokuwa wakilalamikia vitabu vya Kiswidi walionekana wakiimba kwa Kiswidi kwa furaha, na hakuna aliyewalazimisha.

Waswidi wamelipiza mara kadhaa. Mwaka 2003, Helsinki, Ufini iliongoza 5-1 katika robo fainali ikaishia kufungwa 6-5, na wapo watu wazima ambao mpaka sasa hawataki mechi hiyo itajwe mezani. Kwenye fainali ya Olimpiki ya 2006 Uswidi ilishinda 3-2. Mwaka 2011 Ufini ikajibu kwa 6-1 katika fainali ya dunia. Na mwaka uliofuata nchi hizo hizo mbili ziliandaa mashindano ya dunia kwa pamoja, bila shida.

Katika utani huo, baada ya magongo, silaha inayofuata ni lugha. Mswidi husema Kifini si lugha bali ni adhabu. Ana hoja. Kifini kina maumbo 15 ya nomino, kila moja likibadilisha mwisho wa neno kulingana na kama kitu kimo ndani, kinatoka, kinaingia, kipo juu au hakipo kabisa. Urefu wa sauti nao hubadilisha maana: “tuli” ni moto, “tuuli” ni upepo, “tulli” ni forodha. Mgeni akivuta konsonanti kidogo tu, ameshauhamisha moto bandarini.

Mfini naye hujibu kwamba afadhali lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kiswidi kina jinsia mbili za nomino ambazo lazima zikaririwe, kina sauti ya kupulizia ambayo huandikwa kwa namna nyingi, na kina mwinuko wa sauti unaotenganisha maneno. “Anden” kwa mwinuko mmoja ni bata yule, kwa mwingine ni roho ile. Padri mgeni awe mwangalifu.

Sasa nani mkweli? Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha za kigeni ina makadirio yake kwa Mmarekani anayesoma muda wote wa kazi. Kiswidi ni takriban wiki 24. Kiswahili ni takriban wiki 36. Kifini ni 44, na Kijapani 88. Lakini orodha hiyo inapima umbali kutoka Kiingereza, basi. Kiswidi ni ndugu wa Kiingereza. Kifini hakina undugu nacho hata kidogo, jamaa zake ni Kiestonia, lugha za Wasami na, kwa mbali, Kihungaria. Mwestonia akipewa mtihani huo huo, matokeo yatapinduka, ingawa naye ana mitego yake: neno “hallitus” kwa Wafini ni serikali, kwa Waestonia ni ukungu wa kwenye mkate.

Mzungumzaji wa Kiswahili akijifunza Kifini hukuta mambo ambayo Mmarekani huyalilia lakini yeye ameyazoea tangu utoto. “Hän” ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Maneno husomwa kama yalivyoandikwa. Kubandika vipande vingi kwenye neno moja, kama tunavyosema “hatutakuandikia” bila kukata pumzi, ni jambo la kawaida: “talo” ni nyumba, “talossa” ni ndani ya nyumba, “talossani” ni nyumbani mwangu. Hata ile “ni” ya mwisho inafanana na yetu kwa macho, ingawa kwao maana yake ni “yangu”. Pengine si ajabu kwamba Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kwamba hapo ndipo Arvi Hurskainen alipojenga programu ya kompyuta ya kuchambua maneno ya Kiswahili.

Kwa mtoto, hata hivyo, mabishano hayo yote hayana maana. Mtoto wa Helsinki hutamka maneno yake ya kwanza karibu na umri ule ule wa mtoto wa Stockholm au wa Tanga, yaani kuelekea mwaka mmoja. Hajui kwamba amepangiwa lugha ya wiki 44.

Kazi huanza hata kabla hajazaliwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto 80 wachanga, nusu Stockholm na nusu Tacoma, Marekani, wakiwa na umri wa saa chache hadi siku chache. Walinyonya chuchu bandia iliyounganishwa na kompyuta huku wakisikilizishwa irabu za Kiswidi na za Kiingereza, na unyonyaji wao ulionyesha kwamba walizitofautisha irabu walizozisikia tumboni mwa mama na zile ngeni. Mwaka huo huo, kana kwamba ni kujibu bao, watafiti wa Helsinki walichapisha wa kwao: watoto ambao mama zao walicheza rekodi ya neno la kubuni “tatata” katika miezi ya mwisho ya ujauzito walizaliwa na ubongo unaolitambua neno hilo. Mama mjamzito anayezungumza na tumbo lake, basi, asichekwe.

Ila kinachojengwa mapema hivyo kinaweza pia kubomoka, na hakuna watu wanaolijua hilo kama watani hawa wawili.

Wakati wa vita vya 1939 hadi 1944, Ufini iliwasafirisha watoto wapatao 70,000 kwenda kwa familia za kuwahifadhi, wengi wao Uswidi. Walipanda treni na meli wakiwa na vibandiko vya majina vilivyoning’inia shingoni. Wengi walikuwa hawajafikia umri wa kwenda shule. Walikwenda bila kujua neno hata moja la Kiswidi, wakalala usiku wa kwanza katika nyumba ambayo hawakuweza hata kuomba maji. Baada ya miezi michache walikuwa wakicheza na kuota kwa Kiswidi. Lugha ile iliyowatesa wanafunzi wa Ufini darasani kwa miaka iliwaingia bila kitabu.

Vita vilipokwisha, wakarudishwa. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba wengi walikuwa wamekisahau Kifini. Mama alimpokea mwanawe stesheni, akamwita, mtoto akamtazama. Baadhi walihitaji mkalimani ili wazungumze na aliyewazaa. Wakaanza upya, safari hii wakichekwa shuleni kwa lafudhi ya Kiswidi, na huku wakimlilia mama wa pili waliyemwacha ng’ambo ya bahari. Maelfu hawakurudi kabisa.

Watafiti waliowafuatilia watu waliozaliwa Helsinki kati ya 1934 na 1944 walikuta kwamba wale waliotenganishwa na wazazi wao kwa njia hiyo walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona utu uzimani, na maradhi ya moyo na kisukari cha aina ya pili yaliwapata zaidi kuliko wenzao waliobaki. Si lugha iliyowaumiza peke yake. Kuachanishwa na mama ndilo jeraha. Lakini kwa mtoto mdogo ni vigumu kusema sauti ya mama inaishia wapi na lugha ya mama inaanzia wapi.

Sura ya pili ilikuja kimyakimya. Kuanzia mwaka 1954 nchi za Nordiki zilikuwa na soko moja la ajira, na mamia ya maelfu ya Wafini walivuka kwenda kufanya kazi katika viwanda vya Uswidi. Wengi wa wazazi hao walishauriwa wazungumze Kiswidi na watoto wao, hata kama wao wenyewe walikijua kwa kubabaisha, ili eti mtoto asichanganyikiwe. Miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na mjadala mkali kuhusu watoto waliodaiwa kuwa na “nusu lugha” mbili badala ya lugha moja kamili. Wanaisimu wengi baadaye waliikataa dhana hiyo, lakini ilikuwa imekwisha kuingia majumbani. Matokeo yake, zipo familia ambamo baba alikuwa mcheshi hodari kwa Kifini na watoto wake hawakuwahi kumjua hivyo, kwa sababu kwa Kiswidi alikuwa mtu wa maneno matatu.

Watoto hao leo ni watu wazima, na wazazi wao wamezeeka. Madaktari na wauguzi wa wazee wanaifahamu hali hii: mtu anapopata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mara nyingi lugha aliyojifunza ukubwani huanza kuondoka, na ile ya utotoni hubaki. Mzee aliyefanya kazi Uswidi miaka 40 huanza kumjibu muuguzi kwa Kifini. Muuguzi haelewi iwapo ana maumivu, ana kiu au anataka kwenda msalani. Mwanawe akiitwa, naye haelewi. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2010, wilaya za Uswidi zilizomo katika eneo maalumu la Kifini zinapaswa kuwapa wazee huduma kwa Kifini, kwa ukamilifu au kwa sehemu kubwa. Ni sheria nzuri. Kwa waliozungumziwa Kiswidi cha kubabaisha utotoni, ilichelewa.

Siku hizi ushauri umegeuka. Kwenye kliniki za mama na mtoto za Ufini, zinazoitwa neuvola, mzazi mhamiaji huambiwa azungumze na mtoto lugha ile anayoijua vizuri kabisa, ile anayoweza kubembelezea, kukemea na kutania. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Akichanganya maneno ya lugha hii na ile katika sentensi moja, hiyo ni hatua ya kawaida. Wala asihesabiwe maneno ya lugha moja tu, yahesabiwe yote.

Kinachostahili kumpeleka mzazi hospitalini ni kingine: mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyebwabwaja kufikia miezi 10 hivi, asiye na neno lolote kwa lugha yoyote akifika mwaka na nusu, au aliyekuwa na maneno kisha yakapotea. Huyo apimwe masikio kwanza. Kusingizia lugha mbili kunaweza kuficha tatizo la usikivu lililohitaji tiba mapema.

Miongoni mwa wazazi wanaoupokea ushauri huo leo wamo wanaozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo, walioanza maisha mapya Ufini na Uswidi. Mtoto wao hurudi kutoka chekechea akiwa na Kiswidi au Kifini tele, na baada ya mwaka mmoja humjibu mama kwa lugha hiyo hata akiulizwa kwa Kiswahili. Wengi hukata tamaa hapo na kumfuata mtoto. Wasifanye haraka. Anayejibu kwa lugha nyingine bado anasikia na kuhifadhi, mradi mtu mzima aendelee kuzungumza naye. Uswidi ina utaratibu wa kufundisha shuleni lugha za nyumbani, Ufini pia, na Kiswahili kimo kati ya lugha hizo pale penye wanafunzi na mwalimu wa kutosha. Darasa lenyewe si la lazima, hivyo mtoto huandikishwa kwa ombi la mzazi.