Chombo cha kuokoa watu kilijaa wazungu peke yao

Wandugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliokimbia vita, leo sisemi juu ya bei ya unga. Nasema juu ya filme.

Wiki iliyopita vijana wa kambini walituomba tuwaonyeshe filme za zamani za safari za angani. Tukaanza na When Worlds Collide, filme ya Marekani ya mwaka 1951. Nyota inakuja kuvunja dunia. Wanasayansi wanaunda chombo cha kupeleka watu 40 na kitu kwenye sayari nyingine, na wanapiga tombola ili kujua nani atapanda. Wanyama wanapandishwa. Mtu mweusi, hata mmoja, hapandi. Mchina hapandi, Muhindi hapandi. Dunia nzima inakufa, na ndani ya filme hakuna anayeuliza mbona.

Mtoto mmoja akauliza: “Na chombo cha kwetu kiko wapi?” Huyo mtoto anajua orodha ni kitu gani. Ameona mama yake akisimama tangu asubuhi, majina yakasomwa mpaka mwisho, lake likakosekana.

Mwenzangu wa studio ananiambia niachane na mambo ya wazee, eti wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Nakataa. Mwaka 1959, Amerika ileile, Harry Belafonte, mtu mweusi, alikuwa mchezaji mkuu wa The World, the Flesh and the Devil. Anafunikwa ndani ya mgodi, anapotoka anakuta sumu ya nuklea imemaliza watu. Kwa kweli filme inaogopa mapenzi yake na mwanamke mzungu, inazungukazunguka tu. Lakini mwishoni yuko hai, anatembea barabarani pamoja na wenzake wawili wazungu. Basi iliwezekana. Wengine hawakutaka.

Na sisi Wakongomani tuna deni letu la kudai hapo. Filme nyingi za miaka ile ziliuza woga wa bomu ya atomiki. Katika Them!, ya 1954, majaribio ya bomu jangwani New Mexico yanazaa chungu wakubwa kuliko motokari. Bomu zenyewe zilitoka wapi? Sehemu kubwa ya urani ya Wamarekani, pamoja na ile ya bomu ya Hiroshima mwaka 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, huku Katanga, na baba zetu, chini ya kampuni ya Wabelgiji. Jiwe letu limo ndani ya hadithi tangu mwanzo. Mchimbaji wake hayumo hata kwa dakika moja.

(Wanawake nao? Katika Forbidden Planet, 1956, chombo kizima ni wanaume wazungu. Msichana mmoja anawangojea kwenye sayari, na kazi yake kubwa ni kutazamwa.)

Sisemi filme hizo zichomwe. Mimi mwenyewe nazipenda, chungu wale walinifurahisha sana. Nawaambia ninyi mnaoleta projekta kambini siku za sikukuu: msiweke picha yoyote mliyoikuta ndani ya kompyuta na kwenda zenu. Itazameni kwanza. Kisha bakini, mjibu maswali ya watoto.

Jumamosi saa nane tutaonyesha ile ya Belafonte. Mtoto yule nimemwekea nafasi ya mbele.